Ifungue Mbele Yangu

Mchana, mafundi wa gereji ya Ludovick pale Sokon I walipozima mashine na kutafuta kivuli, fundi Yona Sumari alichukua hotipoti aliyofungiwa na mkewe, akaenda nayo getini, akamkabidhi mlinzi.

"Leo tena?" aliuliza Parsimei.

"Leo tena. Tumbo halitaki."

"Tumbo lako linanipenda mimi." Parsimei akaiweka hotipoti mapajani, akaipapasa kama mtu anayempapasa ndama, akashukuru kwa Kimaasai. "Ashe oleng, fundi. Engai akupe ng'ombe wengi."

"Akupe wewe. Mimi nitawafungia wapi, Daraja Mbili?"

Wakacheka. Yona alicheka kwa mdomo tu. Alirudi nyuma hatua chache, akasimama kando ya Landkruza iliyokuwa imekatwa katikati ili irefushwe, akamtazama mlinzi akitia kijiko, akitafuna, akimeza. Alimtazama kama unavyomtazama mtu anayevuka mto usioujua kina chake. Alipoona hakuna kilichotokea, akavuka barabara kwenda dukani kwa Fransiska.

Fransiska alikuwa mfanyabiashara mzuri, anajua wateja wake wanachotaka kabla hawajafungua kinywa. Chupa nyekundu ya enaji, ile ya kuongeza nguvu, ilikuwa tayari juu ya meza, kizibo pembeni.

"Nimeshakufungulia, fundi. Najua huwa una haraka."

"Chukua nyingine. Ifungue mbele yangu."

"Si nimeifungua sasa hivi? Hata gesi haijatoka."

"Nimekuta umeshaifungua."

Fransiska akamtazama usoni, akaona macho mekundu na mdomo uliopasuka pembeni. Akatoa nyingine kwenye friji. Yona akaishika, akaigeuza, akakagua ile pete ya kizibo kama haijakatika, akamrudishia. Kizibo kikalia "ta". Mlio ule kwa Yona ulikuwa kama kuambiwa pole. Akainywa yote amesimama, akanunua soda ya kwenda nayo na pakiti ya biskuti, na pakiti nayo akaipapasa kwanza kama haina tundu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi tangu mvua za masika. Asubuhi enaji mbili kabla ya kushika mashine ya kuchomelea, soda kila koo lilipokauka, mchana biskuti, jioni mkate wa kwenye mfuko alioufungua kwa mkono wake. Zamani alikunywa enaji moja moja ili kazi iende. Sasa ndiyo ilikuwa chakula.

Aliamini mkewe anamtilia limbwata, ile dawa ambayo watu husema mwanamke humtilia mumewe kwenye chakula ili awe mpole na asiwe na neno lake nyumbani. Jambo lilianza kwa utani. Yona alikubali jina la mkewe Simaloi liandikwe pamoja na lake kwenye kiwanja chao, akawasimulia wenzake gerejini. Mmoja akasema, "Mmeru anamwandikia kiwanja Mwarusha? Huyo kalishwa." Wakacheka, na yeye akacheka. Dada yake Rachel aliposikia hakucheka. Alisema, "Utani mwingine ni ushahidi." Kuanzia hapo Yona alianza kuonja chakula kabla ya kukila, halafu akaacha kukila.

Na kwa nini alikuwa akimpa Parsimei? Dawa kama hiyo, alivyosikia, hutajiwa jina la mtu anayekusudiwa. Iliyotajwa Yona haimshiki mtu mwingine. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na hakupenda kujiambia zaidi ya hapo.

*

Simaloi alikuwa akiuza loshoro karibu na soko la Daraja Mbili, mahindi na maziwa ya mgando, kikombe kikubwa na kikombe kidogo. Watu walikuwa wakipanga foleni kwake tangu asubuhi. Sasa sufuria lilikuwa linarudi nyumbani nusu. Mwanamke mmoja wa nguo za mitumba, mteja wake wa miaka, alimwambia bila kupepesa macho, "Mama Lydia, usinichukie. Nasikia hata baba Lydia hali kwako. Sasa mimi nile kwa ujasiri gani?"

Simaloi alimjazia mteja aliyefuata mpaka kikombe kikamwagika.

Jioni ile Yona aliporudi, mkewe alipokea hotipoti mlangoni, akaifungua. Ilikuwa safi. Si kwamba ilikuwa tupu tu. Ilikuwa imesuguliwa, imesuuzwa, imekaushwa, hata pale kwenye mdomo wa kifuniko ambapo uchafu hujificha. Miaka yote ya ndoa yao Yona hajawahi kuosha kikombe alichonywea chai. Akioga, sabuni huachwa majini.

"Ndizi zilikuwaje?" akauliza.

"Nzuri."

"Niliogopa nyama haikuiva."

"Iliiva vizuri tu."

Simaloi akafunika hotipoti polepole. Hakukuwa na nyama. Mwezi ule hata mfupa haukuingia ndani ya nyumba ile.

Akamtazama mumewe. Suruali aliifunga kwa kamba sasa. Pumzi yake ilinukia utamu kama peremende. Usiku alikuwa akiamka na kukaa kitandani, moyo ukimwenda mbio, na ukimuuliza una nini anakuuliza wewe una nini. Siku moja alimpigia kelele binti yao Lydia kwa sababu alikuwa amesimama kimya mlangoni. Halafu akalia. Simaloi alikuwa ameyaweka yote hayo pamoja, na hesabu ilimpa jibu moja: kuna mwanamke huko gerejini, anakula chakula chake, anamwoshea hotipoti yake, anamrudishia mume aliyechoka.

Simu ikalia. Alikuwa wifi yake, Rachel, kutoka Poli mlimani.

"Wifi, Jumapili baada ya ibada mje huku juu. Baba mdogo Meshack ameita kikao."

"Kuna nini, wifi?"

"Utakikuta huku huku."

Simaloi akashusha simu. Yona alikuwa ameshajua, kwa sababu hakuuliza ni nani.

"Ni mimi nimeomba," alisema. "Kama una neno la kukiri, ukiri mbele ya wazee. Kama huna, utaenda kwenu Kisongo ukapumzike. Watoto watabaki."

"Nikiri nini, baba Lydia?"

"Unajua."

"Wewe ndiye unayejua. Mimi nakuuliza."

Yona akachukua mkate wake, akaufungua mfuko kwa meno, akaenda kuulia nje kibarazani, ameupa mlango mgongo.

*

Kesho yake Simaloi alimfungia Yona chakula kama kawaida. Mchana alimwachia jirani sufuria, akajitanda kanga hadi puani, akaenda Sokon I kumkamata huyo mwanamke.

Alisimama ubavuni mwa duka la Fransiska. Akamwona mumewe akitoka na hotipoti mpaka getini. Akaona inapokewa na mikono mirefu iliyotoka kwenye shuka jekundu. Akamwona mlinzi akila, hana haraka, akikwangua pembe zote. Kisha mlinzi akachota mchanga laini, akasugua ndani, akasuuza kwa maji ya dumu, akaigeuza juani juu ya jiwe.

Simaloi akavuka barabara.

"Takwenya," Parsimei alimsalimu, maana alimjua kwa shanga kuwa ni mtu wa kwao.

"Iko," Simaloi akaitikia. "Hotipoti hii ni ya nani?"

"Ya fundi Yona. Tumbo lake limekataa chakula tangu masika. Mtu mwema sana huyu. Kuliko kitupwe, ananipa mimi."

"Na wewe ndiye unayeiosha?"

"Mtu akikulisha, utamrudishia chombo kichafu?"

Simaloi akaketi juu ya tairi kuukuu bila kuombwa. Alikuja amejiandaa kwa mwanamke. Alikuwa na maneno yote mdomoni, ya mwanamke mfupi na ya mwanamke mrefu. Kwa mlinzi hakuwa na hata moja.

"Wewe ndiye mpishi," alisema Parsimei, akaanza kucheka. "Basi nikuambie. Siku nyingine unasahau chumvi."

Fransiska, aliyekuwa ameona kanga ngeni ikizungukazunguka dukani kwake, akaja kuchungulia. Alipoambiwa huyu ndiye mke wa fundi, akashika kiuno. "Dada, mumeo ananipa kazi. Ananikagulia vizibo kama bwana afya. Enaji nimwonyeshe kwanza, soda nimwonyeshe kwanza. Juzi nilimpa maji ya kwenye glasi akayamwaga. Nikamuuliza, fundi, unaogopa nini? Akasema, siku hizi chenye kizibo ndicho chakula."

Simaloi alielewa pale pale. Na alipoelewa alitamani angemkuta mwanamke.

Kabla hajainuka, kukatokea kelele ndani. Ludovick mwenye gereji alikuwa akipiga bodi ya gari kwa kiganja. "Mlango mzima, Yona. Umetoboa mlango mzima. Gari linatoka kesho alfajiri, wageni wanalisubiri. Nimwambie mwenye kampuni nini, kwamba ni dirisha la kupigia picha?"

Yona alikuwa ameshika koleo la mashine, na koleo lilikuwa likicheza mkononi mwake kama samaki. Mafundi wengine waliangalia chini.

"Bosi, ni mashine."

"Mashine haitetemeki. Wewe ndiye unayetetemeka. Nenda zahanati, na usirudi mpaka mtu wa hospitali aniambie unaweza kushika moto."

Yona akavua glavu, akatembea kuelekea getini, akamwona mkewe juu ya tairi, hotipoti mkononi.

"Umekuja kuhakikisha kama inafanya kazi?" akasema.

*

Nesi Pudensiana wa zahanati alimchoma Yona kidole, akampima presha, akampandisha mzani, akaandika. Simaloi aliketi kwenye benchi karibu na mlango, mahali ambapo mumewe alimwonyesha kwa kidevu.

"Unakula nini?"

"Kawaida."

"Kawaida ya nani? Leo tangu asubuhi."

Yona akamtazama mkewe, kisha nesi. "Enaji."

"Ngapi?"

"Kama tatu. Na soda. Na biskuti."

"Jana?"

"Hivyo hivyo."

"Usingizi?"

"Sina."

"Moyo unakwenda mbio bila sababu? Unahisi watu wanakusema?"

"Watu wananisema kweli, nesi. Hilo si kuhisi."

Pudensiana akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo. "Sukari yako imepanda, lakini haijafika kwenye ugonjwa. Presha imepanda. Uzito umeshuka. Mwili wako unaendeshwa kwa sukari na dawa ya kufukuza usingizi. Ukinywa unapanda, ikiisha unaanguka, unatetemeka, una hasira, unakunywa tena. Hulali. Huli. Mtu wa namna hiyo, wazo dogo likimwingia asubuhi, jioni limekuwa ng'ombe."

"Kwa hiyo soda ndiyo imenitia mawazo?"

"Sijasema hivyo. Wazo ulilipata mahali pengine, mimi sikuwepo. Sijui kipi kilianza. Ninachojua ni kwamba hivyo viwili sasa vinalishana." Akaandika tena. "Punguza kidogo kidogo, usiache ghafla, kichwa kitakupasuka. Kula chakula cha sufuriani. Na nataka ukamwone daktari wa magonjwa ya akili kule hospitali kubwa."

"Mimi si kichaa."

"Kichaa ni neno la mtaani. Nimesema daktari."

Yona akasimama. "Cha sufuriani," alisema, akimwangalia Simaloi. "Mmepanga lini, wewe na nesi?"

Pudensiana akamwangalia Simaloi naye, mara ya kwanza, na Simaloi akageuza uso ukutani. Kuonewa huruma na mtu usiyemjua kulimuuma kuliko kofi.

Njiani mume alitangulia, mke akafuata nyuma. Walipopita kwenye kibanda, Yona akanunua soda. Akasikiliza kizibo.

Jumamosi Simaloi akarudi gerejini peke yake. "Kaka," alimwambia Parsimei, "kesho twende wote Poli. Wazee wa mume wangu wanataka kujua kama chakula changu kina kasoro. Wewe ndiye unayekila."

"Nitasema kweli."

"Ndicho ninachotaka."

"Nitasema na ile ya chumvi."

Hakumwambia zaidi. Alitaka kumwambia, akashindwa aanzie wapi.

*

Nyumbani kwa Rachel, Poli, palipangwa viti chini ya ukuta wenye jua, maana baridi ya Julai ilikuwa imekaa juu ya migomba kama blanketi lenye maji. Yona alikuwa ametangulia alfajiri. Baba mdogo Meshack, mzee wa kanisa, alikuwa na koti la ibada na kofia magotini. Rachel alileta kreti la soda. Hakuna kikao cha ukoo bila soda, na mgeni hufunguliwa ya kwake machoni pake, ndiyo heshima. Rachel akapita na kifungulio kilichofungwa kamba, kiti kwa kiti: "Baba mdogo, ipi? Nifungue?" Ta. "Yona?" Ta. Hata kwa Parsimei, mgeni ambaye Rachel alimtilia mashaka, alipiga magoti kidogo akauliza ipi. Ta.

Simaloi alipewa ya mwisho. Ilitoka jikoni, imeshafunguliwa.

Kila mtu aliona. Simaloi akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante wifi, akainywa.

Meshack akaomba kwa kifupi, akasema Yona aseme. Yona akasema. Alisema kuhusu kiwanja, kuhusu usingizi, kuhusu mikono yake, kuhusu siku aliyoona uzi mweusi kwenye maharage. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeyarudia maneno hayo gizani mara nyingi mpaka yamekuwa laini. Watu wengine walitikisa vichwa. Hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lililotisha.

"Mkwe," Meshack akamgeukia Simaloi, "umesikia."

"Nimesikia, baba. Nimekuja na chakula. Ni loshoro, ile ile." Akaifungua hotipoti, akachukua kijiko, akala mbele yao.

"Hiyo haisaidii," Rachel alisema. "Yeye haiwezi kumdhuru. Mwenye kuitia hashikwi nayo."

"Basi nimeleta mtu mwingine. Huyu ni kaka Parsimei, mlinzi kazini kwa baba Lydia. Chakula chote nilichompa mume wangu tangu masika amekila yeye."

Yona alishika soda yake kwa nguvu.

"Kweli, baba?" Meshack alimuuliza mlinzi.

Parsimei akasimama, kwa sababu kwao mtu huongea amesimama. "Kweli, mzee. Kila siku ya kazi."

"Na umeona badiliko lolote mwilini?"

"Nimeona." Akaufunua ubavu wa shuka. "Mkanda. Ulikuwa tundu la huku, sasa uko huku mwisho."

Kicheko kikapita, hata Meshack akakohoa ndani ya kofia. Mjomba mmoja akasema kama limbwata lina kazi hiyo na yeye apelekewe. Parsimei akacheka nao, bila kujua wanacheka nini.

Rachel hakucheka. "Haliwezi kumshika. Limetajwa jina la Yona. Huyu angekula gunia asingepata kitu."

"Nini kimetajwa?" Parsimei akauliza.

Kila mmoja alidhani mwingine alishamwambia. Mwishowe Meshack ndiye aliyesema, akitafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo. Alisema kwamba fundi hakuacha kula kwa sababu ya tumbo. Aliacha kwa sababu aliamini chakula kina dawa.

Parsimei alibaki amesimama. Akaifikiria hotipoti, mchanga alioisugulia, na baraka alizokuwa akizitoa getini mchana kwa mchana. Akamgeukia Yona.

"Fundi. Ulipokuwa unanipa, ulifikiri ina dawa?"

"Nilijua ina jina langu tu. Wewe haikuhusu."

"Ulijua, au ulifikiri?"

Yona akaigeuza chupa yake mkononi.

"Ulikuwa unasimama pale kwenye gari, unaniangalia nikila. Nilidhani unafurahi." Parsimei akainama, akaweka soda yake chini, haikuwa imefika nusu. "Kama ungekuwa umekosea juu ya jina?"

Yona akafungua mdomo. Alikuwa na jibu la kila kitu tangu masika. Uzi mweusi alikuwa na jibu lake, nesi alikuwa na jibu lake, mkewe kukaa kimya na mkewe kuongea, vyote alikuwa na majibu yake. Hili hakuwa amewahi kuliuliza, kwa hiyo hakuwa nalo. Chupa ikainama, soda ikammwagikia suruali, na hakuna aliyemsaidia kuifuta.

"Una neno la mwisho, mkwe?" Meshack aliuliza taratibu.

Simaloi akainua chupa yake, akaigeuza mdomo chini. Halikutoka hata tone. "Wifi amenipa iliyofunguliwa jikoni. Nimemaliza."

"Ulidhani nimeweka nini?" Rachel akamaka.

"Sikudhani, wifi. Ndiyo maana nimemaliza."

Meshack akasema kikao hiki hakina shauri. Simaloi atarudi Daraja Mbili kwenye nyumba yenye jina lake, na watoto wake. Yona atarudi kwa yule nesi na atamwona huyo daktari, na yeye Meshack mwenyewe atamsindikiza, kwa sababu akiachiwa aende peke yake ataona njama kwenye benchi. Kisha mzee akaitazama soda yake, akaisogeza kando kama mtu aliyeamua jambo, akaivuta tena akaimalizia.

Parsimei hakungoja sala ya kufunga. Walimwona akishuka kati ya migomba kwenda barabara ya Usa River, shuka jekundu linaonekana, linapotea.

*

Daktari alimpa Yona dawa ya kumrudishia usingizi, akamwambia arudi, na arudi tena. Enaji alizipunguza kwa shida. Kichwa kilimgonga kama nyundo ya bodi, alitapika, aliwachukia watu wote kwa zamu. Wazo halikutoka. Asubuhi nyingine aliliona bado limekaa pale pale, dogo kidogo, likimtazama. Nyumbani alikula kama mtu anayesoma lugha ngeni, kijiko, anasimama, kijiko. Alikula akitoa mwenyewe sufuriani. Simaloi alimwachia. Naye hakuwa amemsamehe. Alikuwa akimpikia tu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Wateja wa loshoro walirudi mmoja mmoja, yule wa mitumba akiwa wa mwisho, na Simaloi alimpimia kikombe bila kuongeza tone.

Ludovick alimrudisha kazini kwa kazi ya msasa, moto bado. Siku ya kwanza Simaloi alimfungia hotipoti, akatia vijiko viwili. Yona aliviona, hakuuliza.

Mchana akaenda getini. Parsimei alikuwa kwenye kiti chake, anakula mkate mkavu na maji. Asubuhi ile hakumsalimu, alimfungulia geti na kulifunga kama kwa gari lolote.

"Parsimei."

"Fundi."

"Nimekuja tule."

"Tumbo limepona?"

"Halijapona."

Mlinzi akatafuna mkate wake akaumeza. Mafundi kivulini walikuwa wamegeuka kuwatazama.

"Ifungue mbele yangu," alisema Parsimei.

Yona akachuchumaa, akaiweka hotipoti chini kati yao, akafungua kifuniko. Mvuke ukatoka. Loshoro.

"Onja wewe kwanza."

Yona akachota. Maziwa yakamdondokea kidoleni. Akakiangalia kijiko kwa muda kiasi kwamba mtu kule kivulini alicheka, halafu akanyamazishwa. Akakitia mdomoni. Akafunga mdomo. Akabaki hivyo, mashavu hayachezi, macho kwenye ardhi, jasho likimtoka puani katika baridi ile.

Parsimei aliinama mbele, akamtazama kooni kama yeye alivyokuwa akitazamwa.

"Meza," akasema.

Koo la Yona likapanda, likashuka.

Parsimei akangoja kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kijiko cha pili.

Jioni, Simaloi alipokea hotipoti mlangoni. Hakuuliza chakula kilikuwaje. Alingoja mpaka mumewe alipokwenda kuoga, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaifungua, akainusa, akakwangua pembeni kwa ukucha kuona kama mtu ameipaka maziwa tu bila kula. Ilikuwa chafu. Maziwa yalikuwa yamegandia hadi kwenye kifuniko, na vijiko vyote viwili vilikuwa vichafu.